Kebo, Plagi na Bodi: Kwa Nini Mtandao wa Kompyuta Hudai Njia Iliyo Sawa



Ofisi ya miradi inaendelea kupokea maombi ya kamati za usharika zinazotaka kuunganisha kompyuta za shule, zahanati na ofisi zao. Karibu kila ombi lina mstari mmoja unaosomeka "kebo na vifaa vya mtandao", na karibu kila kamati inatuuliza swali lile lile: inakuwaje boksi moja la kebo la mita 305 liuzwe Kariakoo kwa bei fulani, na boksi lingine lenye maandishi karibu yale yale liuzwe duka la jirani kwa bei ya chini sana? Aidha, wahisani wetu wanauliza swali linalofanana na hilo kutoka upande wao: kwa nini vifaa vizuri walivyochangia vinatoa huduma ya kusuasua?

Tumeona ni vema kujibu maswali haya yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa jibu lake ni moja. Njia inayopitisha data huanzia kwenye kijisahani cha elektroniki ndani ya kompyuta, hupita katika bodi, soketi, plagi na kebo, na huishia kwenye kijisahani kingine ndani ya kifaa cha upande wa pili. Njia hiyo yote inatakiwa iwe na tabia moja ya umeme. Inapobadilika tabia mahali popote, sehemu ya data hurudi ilikotoka, na inayorudi huvuruga inayokwenda.

Kutoka baharini hadi mezani

Mji wetu una historia ndefu ya nyaya. Kebo ya simu ya maandishi ya chini ya bahari ilifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 Dar es Salaam na Bagamoyo ziliunganishwa na Zanzibar. Mafundi wa enzi hizo waliona jambo lililowashangaza: alama iliyotumwa ikiwa safi upande mmoja ilitokea upande wa pili ikiwa imevurugika, ingawa waya haukukatika popote. Mwingereza Oliver Heaviside, aliyewahi kuwa mtumishi wa simu za maandishi, alilishughulikia tatizo hilo kwa hesabu, na mwaka 1886 akabuni neno ambalo mafundi wa leo bado wanalitumia: impedansi.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kutoa huduma hapa Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za nje yalitegemea setilaiti. Leo ofisi nyingi za Posta, kuanzia Posta ya Zamani hadi Mtaa wa Samora, zinafikiwa na nyuzi za kioo zenye uwezo mkubwa. Hata hivyo, mwanga wa mkongo haufiki mpaka kwenye kompyuta ya karani. Mita 20, 50 au 90 za mwisho huwa ni waya wa shaba uliopitishwa darini na ukutani na fundi tuliyemwajiri sisi wenyewe. Kwa hiyo data inayovuka bahari salama inaweza kukwama katika mita hizo chache zilizo chini ya mamlaka ya kamati.

Impedansi ni nini?

Msomaji aliyesoma fizikia ya sekondari anakumbuka ukinzani: kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba, ndivyo unavyozuia umeme zaidi. Impedansi ya kebo hupimwa kwa kipimo hicho hicho cha omu, lakini ni jambo tofauti. Inaeleza uwiano kati ya volti na mkondo wa umeme wakati wimbi linaposafiri ndani ya kebo. Haitegemei urefu. Kebo ya mita 5 na kebo ya mita 90 za aina moja zina impedansi moja.

Kinachoamua impedansi ni umbo na mpangilio: unene wa nyaya, umbali kati ya waya mmoja na mwenzake, na aina ya plastiki inayozitenganisha. Nyaya zikikaribiana, impedansi hushuka. Zikiachana, hupanda. Maji yakiingia kati yake hushuka, kwa kuwa maji huhifadhi chaji ya umeme zaidi ya mara 30 kuliko plastiki ya polietilini.

Kebo ya mtandao wa kompyuta, ile yenye jozi 4 za nyaya zilizosokotwa, imetengenezwa iwe na impedansi ya omu 100. Kebo ya antena ya televisheni ina omu 75. Kebo ya antena ya redio za mawasiliano ina omu 50. Hizi zote zinauzwa Kariakoo katika duka moja, pengine kwenye rafu moja, lakini haziwezi kuchukuliana nafasi.

Mwangwi ndani ya waya

Anayekaa ufukweni kwenye mteremko wa mchanga huona wimbi likipanda taratibu na kuishia hapo. Anayesimama juu ya ukuta wa Kivukoni huona wimbi likigonga ukuta na kurudi nyuma, kisha likakutana na wimbi linalofuata na maji yakachafuka. Wimbi la umeme nalo hufanya hivyo hivyo. Likifika mahali ambapo impedansi imebadilika ghafla, sehemu yake hupita na sehemu yake hurudi kama mwangwi.

Matarumbeta ya sharika zetu yanatupa mfano mwingine. Mdomo wa tarumbeta umetanuliwa taratibu kwa sababu maalumu. Bomba lingekatwa wima mwishoni, sehemu kubwa ya sauti ingerudi ndani badala ya kutoka nje. Kule kutanuka ni namna ya kupatanisha hewa iliyobanwa ndani ya bomba na hewa ya uwanjani. Fundi wa kompyuta naye hupatanisha njia ya ndani ya bodi na kebo ya nje, ili wimbi lipite bila kurudishwa.

Hesabu yake si ngumu. Chukua tofauti ya impedansi mbili, gawa kwa jumla yake. Wimbi likitoka omu 100 kwenda omu 100, tofauti ni sifuri, hakuna kinachorudi. Likitoka omu 100 kwenda omu 150, tofauti ni 50, jumla ni 250: moja ya tano ya volti inarudi. Likitoka omu 100 kwenda omu 75, tofauti ni 25, jumla ni 175: moja ya saba inarudi.

Je, mwangwi huo una madhara gani? Wimbi husafiri ndani ya kebo kwa mwendo wa karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, yaani sentimita 20 kwa kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mtandao wa megabiti 100, na hata ule wa gigabiti 1, hutuma alama milioni 125 kila sekunde katika kila jozi inayotumika. Maana yake ni kwamba kila alama huchukua takriban mita 1.6 za kebo. Katika kebo ya mita 80 kuna alama 50 zilizopangana njiani kwa wakati mmoja. Alama iliyorudishwa na kiungo kibovu hukutana na zile zinazokuja nyuma yake na kuzichanganya.

Katika mtandao wa gigabiti jambo hili ni zito zaidi. Jozi zote 4 hutumika, na kila jozi hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kifaa kinasikiliza huku kikiongea. Kijisahani chake hukisia sauti yake chenyewe pamoja na mwangwi wake, kisha huzitoa ili kibaki na maneno ya mwenzake tu. Kazi hiyo kinaiweza mwangwi ukiwa mdogo. Ukizidi, makosa huongezeka, data hutumwa upya mara kwa mara, na mara nyingine vifaa hukubaliana kushuka hadi megabiti 100. Mtumiaji haoni haya. Anachoona ni kompyuta nzito.

Ndani ya bodi

Ukifungua swichi au ruta utaona bodi ya kijani yenye mistari myembamba ya shaba. Mistari hiyo ndiyo nyaya za humo ndani. Ile inayotoka kwenye kijisahani cha mtandao kwenda kwenye soketi hutembea miwili miwili, sambamba, kama wanandoa waliovaa sare, kwa sababu nayo inatakiwa kuwa na omu 100 kwa jozi. Mbunifu wa bodi huchagua upana wa mstari, nafasi kati ya mistari miwili, na unene wa ubao unaoitenganisha na tabaka la shaba lililo chini yake. Mstari ukipanuliwa, impedansi hushuka. Ukifinywa, hupanda. Tabaka la chini likiwa na mwanya mahali mstari unapopita, wimbi linakutana na mabadiliko.

Kati ya mistari hiyo na soketi kuna transfoma ndogo, mara nyingi imefichwa ndani ya soketi yenyewe. Hiyo huruhusu wimbi kupita lakini hutenganisha bodi na umeme usiotakiwa kutoka kwenye kebo. Katika vifaa vingi vya megabiti 100 kuna pia resista mbili za omu 49.9 kwa kila jozi, ambazo kwa pamoja hufanya takriban omu 100. Hizo ndizo mteremko wa mchanga. Wimbi likifika humezwa hapo, halirudi. Katika vifaa vingine resista hizo zimejengwa ndani ya kijisahani.

Tunaeleza haya kwa kuwa radi zetu za masika huunguza mara kwa mara sehemu hiyo hasa. Mafundi wa Kariakoo ni hodari na wametuokolea vifaa vingi. Lakini kamati inapopeleka swichi au ruta kutengenezwa, iulize maswali mawili: je, soketi mpya ni ya aina ile ile, yenye transfoma ndani yake? Je, resista zilizobadilishwa zina thamani ile ile? Soketi isiyo na transfoma inafanana kabisa na yenye transfoma kwa macho. Na mstari uliokatika ukiunganishwa kwa kipande kirefu cha waya, taa itawaka, lakini kipande hicho hakina omu 100.

Hata hivyo, mistari ya bodi ni ya sentimita chache tu, na imetengenezwa kiwandani kwa mashine. Kebo ni ya makumi ya mita, na imefungwa kwa mikono. Ndiyo maana tatizo likitokea, tunashauri uchunguzi uanzie kwenye kebo na plagi kabla ya kuilaumu swichi.

Mahali njia inapoharibika

Yapo mambo matano ambayo tumeyaona katika kazi zinazoletwa kwetu kukaguliwa.

La kwanza ni kufumua nyaya. Jozi zilisokotwa kiwandani ili waya na mwenzake wabaki katika umbali ule ule. Kwa kebo ya Cat 5e, sehemu inayofumuliwa kwenye plagi isizidi milimita 13. Kipande kifupi hivyo wimbi hulivuka bila kusumbuka. Ukifumua nusu mita ili kazi iwe rahisi, umetengeneza njia nyingine yenye impedansi nyingine.

La pili ni kuunganisha vipande viwili kwa kusokota shaba na kufunga utepe, kama tufanyavyo kwenye waya wa taa. Umeme wa taa hauna shida na kiungo hicho. Wimbi la mtandao linacho cha kulalamikia.

La tatu ni kubana na kukunja. Kebo iliyopita chini ya mlango, iliyokazwa kwa msumari au iliyokunjwa kwa pembe kali imebadilishwa umbo. Mkunjo usiwe mkali kuliko mara 4 ya unene wa kebo.

La nne ni maji na jua. Kebo ya ndani ikipitishwa nje ya jengo, ganda lake hupasuka kwa jua la Pwani na masika huingiza maji.

La tano, na ndilo linalofichika kuliko yote, ni kupanga rangi kimakosa. Katika zahanati mojawapo kompyuta ya mapokezi ilikuwa ikipoteza mawasiliano na duka la dawa mara kadhaa kwa siku, na wagonjwa walisubiri dirishani wakati karani akiandika upya kumbukumbu zao. Kamati ilikwisha kushauriwa kununua swichi mpya na kompyuta mpya. Kipimo cha taa nane kilionyesha kuwa kila kitu ni kizuri, taa zote ziliwaka kwa mpangilio. Tulipotazama plagi tuliona rangi zimepangwa jozi kwa jozi kwa mfululizo, ncha zote mbili kwa namna moja. Kila waya ulifika mahali pake, ila plagi ya mtandao hutumia pini ya 3 na ya 6 kama jozi moja, na hapo ziliangukia nyaya za jozi mbili tofauti ambazo hazikusokotwa pamoja. Plagi mbili mpya na saa moja ya kazi zilimaliza tatizo. Fedha ya swichi na kompyuta ilibaki kwenye mfuko wa dawa.

Mpangilio unaotumika sana, kutoka pini ya 1 hadi ya 8, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tunashauri uandikwe na kubandikwa ukutani karibu na swichi.

Kununua Kariakoo kwa macho yaliyofunguka

Sasa turudi kwenye swali la bei. Mara nyingi boksi la bei ya chini sana ni la kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Baadhi ya watengenezaji huandika wazi herufi CCA. Wengine hawaandiki. Ni haki tueleze kosa lake kwa usahihi: impedansi yake inaweza kuwa karibu na omu 100, kwa sababu impedansi hutokana na umbo. Udhaifu wake mkubwa ni ukinzani wa kawaida, ambao unazidi wa shaba kwa takriban nusu. Aidha, alumini hukatika upesi ikikunjwa, na kiungo chake kwenye plagi hulegea. Kebo ikitumika pia kupeleka umeme kwa kamera au kifaa cha Wi-Fi, hupata joto na umeme hupungua njiani. Viwango vya kimataifa vya Cat 5e vinataka shaba tupu.

Kamati inaweza kujilinda kwa njia rahisi. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Pima kwa mizani: boksi la shaba ni zito zaidi. Kwa uhakika zaidi, chukua kipande cha mita 50, unganisha nyaya mbili za jozi moja kwenye ncha ya mbali, kisha pima ukinzani kwenye ncha ya karibu kwa mita ya kawaida ya fundi. Hapo unapima mita 100 za waya. Shaba halali haitakiwi kuzidi omu 9.4. Alumini iliyopakwa itasoma 13 au zaidi.

Tahadhari: mita hiyo ya kawaida haipimi impedansi. Asitokee mtu akasema kebo ni mbovu kwa kuwa hakuona omu 100. Kipimo cha taa nane nacho hakipimi impedansi, huonyesha tu kwamba waya haukukatika. Kifaa kinachopima mwangwi hutuma wimbi na kuhesabu kiasi kinachorudi, na kinaweza kusema kasoro iko mita ya ngapi. Ni ghali kukinunua, lakini baadhi ya makampuni ya ufungaji mtandao hutoa huduma ya kupima na kumpa mteja karatasi ya matokeo.

Bidhaa bandia zikigundulika, kamati iweke risiti na boksi lake, na itoe taarifa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania. Kunyamaza kunamwacha jirani anunue kilekile.

Tunachopendekeza

Kwa kamati za usharika, tunapendekeza mambo manne yaingie katika kila mkataba wa fundi. Kwanza, kebo iwe ya shaba tupu, na ikaguliwe mbele ya wajumbe wawili kabla ya malipo. Pili, kebo ya kudumu ukutani isizidi mita 90, na pamoja na nyaya fupi za mezani isizidi mita 100. Tatu, kusiwe na kiungo chochote katikati. Nne, malipo ya mwisho yatolewe baada ya karatasi ya vipimo, au angalau baada ya kuthibitisha kwamba kila kompyuta imeunganishwa kwa kasi iliyokubaliwa na imedumu hivyo kwa wiki moja.

Kwa wahisani wetu, tunaomba jambo moja. Bajeti ya mradi inapoletwa ikiwa na mstari wa "upimaji wa mtandao", usiufute kwa kudhani ni anasa. Kompyuta kumi nzuri zilizofungwa kwa kebo mbaya hazifanyi kazi ya kompyuta kumi. Gharama ya kupima hulipwa mara moja. Gharama ya mwangwi hulipwa kila siku na karani, mwalimu na mgonjwa anayesubiri dirishani.

 Kamati yenye kazi ya mtandao inayokaribia kuanza inakaribishwa ofisini ikiwa na mchoro wa jengo na makadirio ya bei. Tutayapitia pamoja kabla boksi la kwanza halijanunuliwa.